Nyuma Yako Yuko Nani?

Vimulimuli vya Bweni la Mikusu vilikuwa mia moja na ishirini, na Mama Atuganile alivijua kimoja kimoja kama mtu anavyojua kuku wake. Kulikuwa na cha binti wa chumba namba tisa, chenye bawa lililopinda, kikiruka kinakwenda upande upande kama mlevi mstaarabu. Kulikuwa na cha Sekela, kiongozi wa bweni, ambacho Sekela mwenyewe alikichora midomo kwa rangi ya kucha. Kila jioni mlango wa mzinga ulifunguka kule juu ya paa, navyo vikatoka kwa pamoja na mlio kama wa mtu anayepuliza chai ya moto, kila kimoja kikashuka kumtafuta mwenyewe.

Mwenyewe alivaa kikuku mkononi, na kikuku kilisikiliza moyo. Maneno hakikuyasikia, wala hakikuwa na haja nayo. Moyo ukiruka kwa hofu, kimulimuli kiligeuka chekundu, kikapiga kelele na kumwandama aliyemtisha mwenyewe, na walinzi wakafika kabla mtu hajamaliza kumwita mama yake. Wekundu ule haukuishia chuoni. Ulipita moja kwa moja hadi makao ya ulinzi ya mkoa, na hapakuwa na mtu pale chuoni aliyeweza kuurudisha nyuma. Ndiyo maana kwa miaka tisa Chuo Kikuu cha Lihanga hakikuibiwa hata ndala. Mtu alisahau kompyuta yake kwenye nyasi jioni, asubuhi akaikuta palepale, imelowa umande tu.

Mama Atuganile hakuvichukia, msimdhanie vibaya. Siku wazee wa chuo walipoitisha matroni wote kuuliza nani anaitaka mizinga ile juu ya bweni lake, yeye ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza.

Ila jioni, akiwa amekaa barazani na sweta zake mbili, moja juu ya nyingine, alikuwa akiwatazama wasichana wakirudi kutoka maktaba. Mmoja mmoja. Kila mmoja ndani ya duara lake la mwanga, masikioni ameziba na muziki wake, hamsemeshi wa mbele wala wa nyuma. Hapo alikuwa anaukumbuka mkia.

Enzi za umeme wa mgao, alipofika Lihanga akiwa matroni kijana mwenye meno yote, wasichana wa Mikusu hawakurudi mmoja mmoja. Walipanga mkia. Walitoka maktaba wameshikana sweta, wanapita njia ya miwati, wanaimba nyimbo za kwaya zilizochanganyika na za harusi, na harufu ya magome ya miwati imewajaa puani. Yeye alisimama getini na taa ya chemli, kioo chake amekifuta kwa gazeti hadi kinang'aa. Kila anayefika alimuuliza, "Nyuma yako yuko nani?" Msichana alitakiwa ageuke, amguse wa nyuma yake, ndipo ataje jina. "Nyuma yangu yuko Faraja." Pita. "Nyuma yangu yuko Bupe." Pita. Hakuna aliyeingia mpaka amemtaja mwenzake. Vicheko vilivyokuwepo pale getini! Kuna waliotaja wachumba wao makusudi, wakarudishwa mwisho wa mkia kwa adhabu.

Na mkia ulikuwa na ubaya wake mmoja. Aliye mwisho hana wa nyuma.

Miaka thelathini na mmoja iliyopita wa mwisho alikuwa Tulinagwe. Wa mbele yake alikuwa na njaa na baridi, akajibu "Tulinagwe" bila kugeuka. Na Atuganile, vidole vimemganda kwenye mshikio wa chemli, hakusubiri aione sura. Akafunga geti. Tulinagwe alikuwa amebaki nyuma kwenye miwati, kiatu kimekatika mkanda, na mtu mwingine alikuwepo miwatini.

Hakufa. Baba yake alikuja na gari la mizigo kuchukua sanduku lake. Alichokisahau chini ya mto ni kofia ya uzi wa kijani, imefumwa nusu, sindano bado zimo. Mama Atuganile aliiweka kwenye mtoto wa meza, na hakuimalizia, kwa sababu haikuwa yake kuimalizia.

*

Redempta Mgaya alibisha hodi siku ya Jumanne mchana, wakati wenzake wako mihadharani. Alikuwa mwaka wa pili, akisomea misitu, na vidole vyake havikuisha gundi ya misonobari.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ingia ufunge, baridi inaingia na wewe."

Alimmiminia chai ya mchaichai. Redempta alikishika kikombe kwa mikono miwili, wala hakunywa.

"Mama, ukimwona mtu ameshtuka, unamjuaje?"

"Namtazama tu. Wewe hapo umeshtuka tangu chuo kifunguliwe. Nilidhani ni masomo."

Hapo binti akaanza kulia, kilio kile cha kimya, mabega tu yanacheza. Mama Atuganile akamwacha alie mpaka amalize. Kisha likatoka jina. Nyagawa. Bwana Nyagawa, msimamizi wa ulinzi wa chuo, yule mwenye koti la ngozi na sauti ya upole, anayewaamkia hata wafagizi.

"Kila nikitoka, yuko. Maktaba yuko. Kwa muuza maandazi yuko. 'Redempta, mbona haraka? Ngoja nikusindikize.' Anaona kwenye kibao chake kila ninapokwenda, Mama. Wiki jana kanikuta bustani ya miche, peke yangu. Akanibana kwenye ukuta, akaniziba mdomo. Alisikia wenzangu wanakuja na toroli, ndipo akaniachia."

"Na kimulimuli chako?"

"Kilikuwa juu yetu. Cheupe." Akafuta pua kwa kiganja. "Kilikuwa kinatuangazia."

Mama Atuganile alivijua vile vidude. Alifundishwa wiki nzima vilipoletwa. Kikuku kinapoamka, hupokea moyo wa kwanza kinaokutana nao na kuupima kwa kipimo cha watu wote. Halafu kwa siku saba hujifunza desturi ya moyo wa huyo mmoja, maana kuna wenye mioyo ya mbio na wenye mioyo ya taratibu. Siku ya nane huacha kipimo cha watu wote na kufuata desturi hiyo.

"Hicho kikuku ulipewa lini?"

"Chuo kilipofunguliwa. Alinibadilishia yeye mwenyewe, akasema cha zamani kibovu. Alikuwa ameshaanza kunisumbua muhula uliopita. Na zile siku saba hakunigusa, Mama. Alisimama tu mahali nitakapomwona. Asubuhi, mchana, jioni."

Basi kikuku kilijifunza. Kilikaa siku saba kwenye mkono wa mtu mwenye hofu, kikaandika kwamba hiyo ndiyo amani yake.

"Umesema kwa wakubwa?"

"Nilikwenda kwa Mshauri wa Wanafunzi. Akafungua kumbukumbu, akanionyesha mstari. Akaniambia, 'Binti, saa unayoisema moyo wako ulikuwa umetulia.' Nataka kwenda dawati la jinsia kule mjini, niandikishe mwenyewe, polisi wa mjini si watu wake. Lakini nikikanyaga geti kuu anaona. Nimejaribu mara mbili, mara mbili kanikuta barabarani na gari, 'Panda, nikupe lifti.' Na nikikivua hiki, kinapiga kelele, mageti yanajifunga, na wa kwanza kupata taarifa ni yeye."

Akamtazama mama yule machoni.

"Wanasema una ufunguo wa mzinga."

Ni kweli alikuwa nao. Ulikuwa kwenye mtoto wa meza, karibu na kofia ya kijani. Ulitumika mara moja kwa mwaka, wakati wa likizo, mafundi wanapokuja kusafisha. Ukiuzungusha, mzinga unalala saa moja kamili, na vikuku vyote vya bweni vinalala nao, vikiamka vinaanza kujifunza upya. Vyote. Hapakuwa na namna ya kukilaza kimoja.

Usiku ule usingizi ulimpitia mbali. Akimpa Redempta saa moja ya kutoonekana, anawaacha wenzake mia na kumi na tisa gizani saa hiyohiyo. Akikataa, anamwacha mmoja kwenye mwanga unaomwangazia adui. Alijaribu kuwapima, wengi huku, mmoja kule, na kila alipowapima alimwona Tulinagwe ameinama miwatini anahangaika na mkanda wa kiatu. Naye alikuwa mmoja tu.

Alfajiri akaamua jambo moja: hatawazimia watoto wa watu taa zao bila kuwauliza.

*

Kuwauliza kulikuwa na mtihani wake. Ukiwaambia wasichana mia na ishirini habari ya namna ile, mioyo itaruka, na bweni zima litawaka jekundu kama tanuri. Kwa hiyo aliwaita uani Alhamisi baada ya vipindi, akawamwagia magunia mawili ya viazi, akawagawia visu.

"Menyeni. Taratibu. Atakayenikatia kiazi nusu kwenye ganda nitamlisha hilo ganda."

"Mama, mpishi kaacha kazi?" Sekela aliuliza.

"Menya, we mtoto, una mdomo kama kimulimuli chako."

Walicheka. Visu vikaanza kwenda kwa mwendo mmoja, kwa-kwa-kwa, na alipoona mabega yamelegea ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za mvua. Kuna mmoja wenu ana adui. Taa yake haimwoni adui huyo. Anahitaji saa moja ya kupotea, na saa hiyo sina pengine pa kuitoa ila kwenu. Jina sisemi. Adui naye simtaji. Mtakuwa bila mwanga kutoka maktaba mpaka hapa, na kesho ukungu utashuka mapema. Nawaomba. Yeyote akikataa, hata mmoja, siugusi ufunguo.

Viazi vikaendelea kumenywa. Kisha msichana wa namba tisa, yule mwenye taa yenye bawa bovu, akasema polepole, "Laiti angekuwa wa kufikirika tu. Mimi namjua. Kabla ya huyo mwenzetu, alikuwa ananifuata mimi."

Visu vilisimama. Vimulimuli viwili vitatu vilivyokuwa vinaota jua kwenye kamba ya nguo vikaanza kuona haya, pinki pinki.

"Menyeni!" Mama Atuganile akafoka, na visu vikarudi kazini.

Hakuna aliyekataa.

Simu ya ofisi ililia baada ya dakika tano. "Shikamoo, Mama," ilisema sauti ya upole. "Naona mioyo ya Mikusu imepanda kidogo. Kuna tatizo?"

"Marahaba, Bwana Nyagawa. Nimewatangazia ukaguzi wa vyumba."

Akacheka. "Hapo hata wangu ungepanda."

*

Ijumaa ukungu uliteremka kama mtu aliyekuwa anasubiri kuitwa. Saa kumi na moja na nusu Mama Atuganile alizungusha ufunguo. Kule juu mzinga ulitoa pumzi moja ndefu, ukanyamaza. Wasichana waliokuwa bwenini walifungiwa ndani, na Sekela akakabidhiwa geti na chemli.

"Mama, hii inawashwaje?"

"Inua kioo. Siyo hivyo, utajiunguza. Utambi usiupandishe sana, utatoa moshi. Haya. Unajua cha kuuliza?"

"Umeniambia mara sita."

"Na asipogeuka?"

"Haingii. Hata akiwa ni wewe."

Maktaba walikuwa arobaini na watatu. Aliwapanga mwenyewe, mkono wa mmoja kwenye sweta ya mwenzake. Mwanzoni walijichekea wenyewe, wanakanyagana visigino, maana walikuwa hawajazoea kutembea na watu. Walipoingia miwatini mmoja akaanzisha wimbo. Haukuwa wa kwaya wala wa harusi, ulikuwa wa hawahawa wa siku hizi, na Mama Atuganile hakujua hata neno moja. Lakini harufu ya magome ilikuwa ileile. Alitembea nyuma ya wote, ameshika sweta ya Redempta, na magoti yake mabovu yalikwenda kana kwamba yana miaka ishirini na mitano. Kila hatua kumi aligeuka kutazama nyuma. Ukungu. Shina. Ukungu.

Kwenye shina lililopasuka wakasimama. Kulia kijia kilishuka katikati ya mashamba ya chai hadi njia panda, na basi la mjini lilipita saa kumi na mbili na robo.

Redempta akakivua kikuku. Hakikulia. Akakitazama kiganjani kama mtu anayetazama jino lililong'oka.

"Lete." Mama Atuganile akakivaa yeye. Kilimbana kidogo. "Shuka taratibu, nyasi zinateleza. Ukifika uliza askari wa kike."

"Watakufukuza kazi, Mama."

"Nimekula chumvi ya hapa ya kutosha. Nenda."

Akaenda, hatua nne tu, ukungu ukamficha. Mama Atuganile alisimama palepale, amekataa kutikisika, huku mkia ukimsubiri, mpaka aliposikia kwa mbali honi ya basi, mlango, na injini ikiondoka. Ndipo akashika sweta iliyokuwa mbele yake. "Haya, wanangu. Nyumbani."

*

Getini walimkuta Bwana Nyagawa, koti la ngozi limejaa vitone vya ukungu, kibao mkononi hakionyeshi kitu.

"Robo saa ananizuia huyu," alisema, akimwonyesha Sekela.

"Utaratibu, Bwana Nyagawa," Sekela akasema. "Mwanaume haingii Mikusu bila matroni. Sogea kidogo unanizibia mwanga. Wewe wa kwanza, nyuma yako yuko nani?"

"Nyuma yangu yuko Neema."

"Geuka umguse. Pita."

Na mkia ukaanza kuingia, jina kwa jina. Nyagawa alikuwa anayahesabu midomoni. Walipobaki watatu alikuwa ameshaelewa. Alimfuata Mama Atuganile pale mwisho wa mkia, akainama, na sauti ilikuwa ya upole bado.

"Mama. Redempta yuko wapi?"

"Hayuko."

Juu ya paa mzinga ukavuta pumzi. Saa moja ilikuwa imetimia. Vimulimuli vikamwagika kutoka juu, vikiutoboa ukungu, kila kimoja kikienda kwa mwenyewe, na wasichana wakainua nyuso. Kimoja kilizunguka, kikasita, kikashuka juu ya kilemba cha Mama Atuganile. Kibao cha Nyagawa kikawaka. Akasoma, akainua macho, akaona.

Akamkamata mkono wenye kikuku. Akaukaza, akausokota kama anafungua kopo.

"Umempeleka wapi?"

Mama Atuganile alikuwa amejiambia kwamba hataogopa. Lakini mkono ulimuuma, na uso ule karibu na wake haukuwa na upole hata kidogo, na ghafla akaona kile alichokiona Redempta ukutani, na pengine Tulinagwe miwatini. Moyo wake ukaruka. Kikuku kilikuwa ndiyo kwanza kimeamka, hakijajifunza kwa mtu yeyote. Kiliupima moyo ule kwa kipimo cha watu wote.

Kimulimuli cha Redempta, ambacho hakijawahi, kikageuka chekundu.

Kelele yake ilikuwa kali, meno yaliuma. Wekundu ukamfunika Nyagawa kichwani, begani, kwenye mkono ulioshika mkono. Aliuachia kama umemuunguza. Akagonga kibao kwa kidole, akagonga tena, mara ya tatu, na kila mtu pale alijua kwamba hakuna cha kugonga. Taarifa ilikuwa imeshafika mkoani, na jina lililokuwa juu yake lilikuwa la Redempta Mgaya. Wasichana arobaini na wawili walikuwa wamerudi getini wanamtazama. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akaanza kutembea kuelekea gari lake, kisha akawa anakimbia, na taa ile nyekundu ikamfuata hadi ukungu ulipowafunika wote wawili.

Mama Atuganile alijishika mkono. Magoti yalikuwa yamerudi kwenye umri wake. Aliinua mguu avuke geti.

Mkono wa Sekela ukamzuia. Binti alikuwa machozi yanamtoka waziwazi, lakini hakusogea.

"Mama, hujajibu. Nyuma yako yuko nani?"

Basi akageuka. Aligeuka mwili mzima, akaitazama njia ya miwati hatua kwa hatua, shina kwa shina, mpaka pale macho yake ya uzee yalipokoma, na hata pale akasubiri kidogo. Hakuna aliyemharakisha.

"Nimeangalia," alisema. "Hakuna aliyebaki. Sasa funga, mwanangu."